Jeto ya mbolea: jina lako linaandikwa wapi, na nani analisoma?



Katika vikao vya mwisho wa msimu B swali moja limerudi karibu kila mahali tulipopita: "Tunasikia mbolea ya bei nusu inakuja. Tufanye nini ili nasi tuipate?" Tumezoea kujibu swali kama hili kwa kueleza mbolea yenyewe, DAP ni nini, urea ni nini, inawekwa lini. Safari hii tutaanza mahali pengine, juu tumeona mbolea nzuri ikifika hadi mlangoni, na anayeshika jembe akabaki mikono mitupu. Hakukosa elimu ya kuiweka shambani. Alikosa jina kwenye liste.

Pesa ya nani?

Ruzuku ni pesa ambayo serikali inalipa upande wa mkulima ili bei imshukie. Mfuko ukigharimu dola 60, wewe unatoa 30, na zile 30 nyingine serikali inamlipa muuzaji. Bei ya mfuko haijapungua. Imelipwa na watu wawili. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu kuna wanaopita vijijini wakisema mbolea ya mradi ni ya bure, halafu siku ya kuchukua, mkulima anafika na jeto mkononi bila franka hata moja, anarudi akilaumu kila mtu.

Sehemu ile ya serikali inatoka wapi? Inatoka kwenye kodi, au kwenye mkopo ambao nchi itaulipa, sisi na watoto wetu. Kwa hiyo si zawadi ya chefu wa lokalite, si ya mheshimiwa anayetafuta kura, wala si yetu sisi agronomu. Anayekuomba "pesa ya biki" ili aandike jina lako anakuuzia kitu ambacho tayari ni chako.

Kwa maandishi, nchi yetu ilijifunga zamani. Mwaka 2003, kule Maputo, wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana kila nchi iweke sehemu 10 kwa 100 ya bajeti yake katika kilimo. Sheria yetu ya kilimo, namba 11/022 ya tarehe 24 Desemba 2011, inataja mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo, na inasema pembejeo zinazoingizwa nchini kwa kazi ya kilimo tu zisitozwe ushuru wa kuingia. Hatuandiki haya ili mkasirike. Tunayaandika ili siku mtakapokaa mbele ya mkubwa wa teritware mjue mnaomba haki, si msaada.

Jirani zetu walifanyaje?

Tanzania ilianza kutoa vocha za pembejeo kwa ukubwa katika msimu wa 2008/2009. Vocha ni sawa na jeto yetu. Kila familia iliyochaguliwa ilipata vocha za kutosha ekari moja ya mahindi au mpunga: moja ya mbegu, moja ya mbolea ya kupandia, moja ya urea. Serikali ililipa karibu nusu ya bei, mkulima akaongeza iliyobaki kwenye duka la pembejeo.

Kanuni zake zilikuwa nzuri, na tungependa kuziona kwetu. Vocha zilikusudiwa mkulima asiyelima zaidi ya hekta moja. Familia zinazoongozwa na mwanamke zilitakiwa kutangulia, pia wale ambao hawakuwa wametumia mbolea miaka mitano iliyopita. Waliochagua hawakuwa watu wa mjini: kila kijiji kilikuwa na kamati yake ya vocha, wanaume na wanawake, iliyochaguliwa na mkutano wa kijiji.

Nini kikatokea? Watafiti wawili, Lei Pan na Luc Christiaensen, walichunguza vijiji vya mkoa wa Kilimanjaro na kutoa matokeo yao mwaka 2012. Waliona kwamba karibu vocha 60 katika kila 100 zilikwenda kwenye nyumba za viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Yaani wale wale, na jamaa wa nyumbani mwao.

Kabla ya kutikisa kichwa na kusema "hao ni wezi", tujiulize jambo kama hilo linawezekanaje mbele ya macho ya watu. Halihitaji mtu kuiba usiku. Vocha hazitoshi kila nyumba. Habari ya siku ya kuandikisha inafika kwanza kwa anayekaa karibu na ofisi. Halafu kulikuwa na sharti moja lililoonekana la akili: mkulima awe na uwezo wa kulipa sehemu yake. Kamati inajiuliza, "Nani kati yetu atapata pesa ya kuongeza?" Mjane mwenye kipande kidogo anaonekana hataweza. Mwenye duka anaweza. Mwenyekiti anaweza. Kila jina peke yake lina sababu yake. Ukizijumlisha sababu zote, liste inakuwa ya wenye nacho, na hakuna anayejiona amefanya kosa.

Tunalijua hili vizuri kwa sababu nasi tumelifanya.

Liste tuliyoandika vibaya

Miaka michache iliyopita, katika lokalite moja ya Bushi, tulikuwa na kazi ya kuandaa liste kwa ajili ya mradi mmoja wa jeto. Tulipewa siku tatu. Tulikaa ofisini kwa chefu, tukaomba majina, tukadai vitu viwili: karte ya uchaguzi, na mtu wa kushuhudia kwamba shamba ni la mwenye jina. Tulijiona watu wa utaratibu. Liste ikapigwa mashini, safi, bila kosa la herufi hata moja.

Mwenzetu mmoja ndiye aliyesema tuisome kwa sauti Jumapili watu wakitoka misani, kabla ya kuituma. Tulisoma chini ya mti wa avoka. Jina la nne, watu wakacheka: mzee yule alikwisha kuzikwa. Mbele kidogo wakanung'unika: huyu anakaa Bukavu, hajashika jembe tangu atoke shule. Tulipofika mwisho, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza kwa upole: "Agronomu, bwana wangu iko Kamituga kwa dhahabu, miaka miwili sasa. Karte yake alienda nayo, yangu ilipotea wakati wa kukimbia. Hii bulongo ni ya bwasa, iko ya mutu mwingine. Lakini mimi njo ninalima. Mimi mutaniandika wapi?"

Hatukuwa na jibu. Wasomaji wa Bushi wanajua alichosema. Mwenye kalinzi ana udongo wake, ameutolea ng'ombe au mbuzi kwa mwami au mjumbe wake, atawaachia watoto. Mwenye bwasa analima kwa msimu, kwa malipo au kwa kazi, na mwenye udongo anaweza kumtoa akitaka. Liste yetu ilikuwa inahesabu wenye udongo. Mbolea inalisha mahindi, na mahindi yale yalikuwa ya wenye bwasa, wengi wao wanawake ambao waume wako kwenye machimbo au hawapo tena.

Tulirekebisha tulichoweza. Marehemu alitoka, wa Bukavu wakatoka, wanawake kadhaa wakaingia. Kwa wasio na karte tuliandika barua, na majibu yalirudi baada ya liste kufungwa. Mama yule hakupata jeto msimu ule. Mwenye udongo wake alipata. Baadaye tuliiona mifuko yake miwili sokoni, na bei yake haikuwa ya ruzuku.

Kaye ya kooperative

Kosa letu kubwa lilikuwa kuanza kuandika siku liste ilipoombwa. Liste nzuri haiandikwi kwa siku tatu. Inatakiwa iwepo tayari, imesomwa na kusahihishwa, ikingoja. Kazi hiyo kooperative inaiweza kuliko sisi, na inaweza kuianza wiki hii bila kungoja mradi wowote.

Chukueni kaye moja ngumu, yenye kurasa zilizoshonwa, si karatasi za kuchomoa. Andikeni kwanza jina la anayeshika jembe. Si la mwenye udongo, wala la mwenye nyumba. Kama mama analima na baba yuko mbali, jina ni la mama. Pembeni andikeni udongo ni wa namna gani, kalinzi, bwasa au wa familia, na kama ni bwasa, jina la shahidi mmoja jirani wa shamba ambaye si mwenye udongo. Miradi mingine inakubali ushahidi wa jirani na wa kooperative mahali pa cheti cha shamba, lakini haikubali ushahidi ulioandikwa jana yake.

Ukubwa wa shamba pimeni kwa kamba, msikubali kukadiria. Kamba ya mita 10 yenye fundo kila mita inatosha. Shamba la mita 50 kwa mita 100 ni nusu hekta. La mita 20 kwa 50 ni sehemu moja ya kumi ya hekta. Katika kazi yetu tumekuta watu wanaosema "niko na hekta moja", kamba inasema robo. Na wengine, mara nyingi akina mama, wanajipunja. Kipimo kina maana kubwa, juu idadi ya mifuko inafuata ukubwa. Kwa mahindi tunashauri takriban mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP na mmoja wa urea kwa nusu hekta. Mwenye sehemu ya kumi ya hekta anahitaji kilo 10 za kila aina, na jeto ya mfuko mzima haimfai peke yake. Hao waandikeni katika makundi ya watano, mfuko mmoja kwa wote, na mizani iwe ya kooperative.

Namba ya simu nayo ina mtego wake. Siku hizi jeto nyingine inakuja kama ujumbe wa simu. Ukiandika simu ya shemeji kwa sababu wewe huna, jeto ni ya shemeji. Bora simu ya kooperative, inayoshikwa na mtu mmoja na kusomwa mbele ya wawili.

Kaye ikijaa, isomwe kwa sauti, jina kwa jina, mahali watu wanapopita kweli: kanisani na msikitini, sokoni, kwenye salongo. Anayesoma asiwe mwenyekiti. Majina na ukubwa wa shamba vinaweza kubandikwa ukutani, lakini namba za karte na za simu zibaki ndani ya kaye, hazimhusu mpita njia. Halafu kuna swali moja ambalo watu wanaona haya kuliuliza, nalo ndilo linalosaidia zaidi: katika komite yetu na nyumba za komite, tuko wangapi kwenye liste hii? Likiulizwa kila mwaka, mbele ya wote, na jibu likaandikwa, jambo la Kilimanjaro linakuwa gumu kutokea.

Kwa kooperative ambazo bado hazina karatasi zao: nchi yetu iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria yake ya kooperative inataka kila kooperative iandikishwe. Kooperative ndogo ya kawaida inaweza kuanza na watu watano. Bila namba hiyo, mradi wa serikali unaweza kuwapenda sana na usiwe na mahali pa kuweka sahihi.

Nusu yako itatoka wapi?

Tufanye hesabu. Bei tunazoweka hapa ni za mfano tu, wekeni za soko lenu.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za azoti, chakula kinachokuza majani na shina. Katika shamba lililotunzwa, lenye samadi kidogo, lililopaliliwa kwa wakati, kilo moja ya azoti inaweza kuongeza kilo 10 za mahindi au zaidi. Basi mfuko mmoja unaongeza kilo 230. Mahindi yakiuzwa dola 0.30 kwa kilo, hizo ni dola 69. Mfuko kwa bei kamili dola 60, pikipiki dola 5, jumla 65. Unabaki na dola 4 kwa jasho la msimu mzima, na mvua ikicheza kidogo, umepoteza. Kwa bei ya ruzuku unalipa 30 na pikipiki 5, jumla 35, unabaki na 34. Tofauti kati ya 4 na 34 ndiyo ada ya mtoto mmoja. Anayetoa jina lako kwenye liste anachukua hiyo.

Lakini angalieni upande mwingine. Kwenye udongo uliochoka, wenye asidi, usio na samadi, kilo moja ya azoti inaweza kuongeza kilo 5 tu. Hapo mfuko unaleta kilo 115, dola 34 na senti 50, na wewe umelipa 35. Hata kwa bei ya ruzuku umekula hasara. Kwa hiyo tukisema mbolea bila samadi ni kumwaga pesa, si wimbo wa agronomu, ni hesabu hii. Mwenye udongo wa namna hiyo atangulize samadi, majani ya kufukia na maharagi ya kubadilisha msimu, na jeto yake aitumie kwenye kipande kidogo alichokitunza vizuri.

Sasa zile dola 35. Zinatakiwa mwezi wa nane au wa tisa, wakati ule ule wa ada za shule na mbegu, wakati gala iko tupu. Hapo ndipo jeto zinauzwa. Mfanyabiashara anasimama kando ya depo na noti za dola 5, na mtu ambaye hana 35 anaona 5 ni bora kuliko karatasi. Hatumlaumu. Tanzania nako ilionekana: wapo waliosaini vocha, wakapewa pesa kidogo, na mfuko haukufika shambani. Dawa yake ni kuweka pesa mapema. Washirika wengi tayari wako katika AVEC. Fungueni ndani yake sanduku la mbolea, linalowekwa kidogo kidogo tangu mavuno ya msimu A, mwezi wa kwanza na wa pili, na lisigawanywe mwisho wa mwaka pamoja na akiba nyingine. Anayeweka sawa na nusu dola kila wiki, kwa wiki 30 ana dola 15. Kwa mwenye shamba dogo anayegawana mfuko na wenzake, hiyo inatosha na kubaki.

Mfuko una nini ndani?

Kenya ina kaunti 47, na tangu 2013 kazi nyingi za kilimo ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Mbolea ya ruzuku, hata hivyo, imeendelea kutolewa na serikali kuu. Fikirieni Trans Nzoia, chini ya Mlima Elgon, mji wake ni Kitale; ni kati ya kaunti zinazolisha nchi kwa mahindi. Mwaka 2022 serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500, mwaka uliofuata hadi 2,500. Wakulima waliandikishwa, ukubwa wa mashamba ukaingizwa kwenye kompyuta, ujumbe ukaja kwenye simu, na mkulima akaenda na kitambulisho chake kwenye ghala la Bodi ya Nafaka.

Utaratibu huo ulipunguza mikono kati ya serikali na mkulima, na tunausifu. Walioishi mbali na maghala walilalamika: foleni, safari mbili au tatu, nauli iliyokula sehemu ya ruzuku. Kwetu, na barabara zetu, mngepata shida hiyo mara mbili. Ndiyo maana tunapoulizwa na wenye miradi, tunasema wapange depo karibu, na kooperative zikodi gari moja kwa mifuko yote.

Halafu ukaja Machi 2024, msimu wa kupanda ukianza. Waandishi wa habari wa Kenya walionyesha kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwa bei ya ruzuku, kwenye maghala ya serikali yenyewe, haikuwa mbolea. Serikali ilisimamisha mifuko hiyo na kuahidi fidia. Lakini mahindi hayangoji fidia, na wako waliokuwa wamekwisha kuifukia ardhini pamoja na mbegu.

Kwa hiyo hata mfuko wenye muhuri wa serikali, ukaguliwe kabla ya gari kuondoka. Pimeni kwenye mizani. Tazameni mshono: uzi wa kiwandani ni mmoja, umenyooka, ukiona matundu ya sindano mara mbili, mfuko umefunguliwa. Urea ina jaribio rahisi. Tieni vijiko viwili katika nusu glasi ya maji, koroga. Urea ya kweli inayeyuka yote, na glasi inakuwa baridi mkononi, baridi ya kushangaza. Mchanga au jiwe lililosagwa linabaki chini. Chumvi nayo inayeyuka, ila haipoozi glasi namna hiyo. Msionje.

DAP inayeyuka polepole zaidi na inaweza kuacha maji machafu, hiyo si dalili mbaya. Changanyeni punje chache na chokaa yenye unyevu ndani ya kopo, mfunike kidogo, mfungue: mnatakiwa kusikia harufu kali kama ya mkojo wa zamani. Majaribio haya yanawaambia kama kilichomo ni mbolea au si mbolea. Hayasemi ina nguvu kiasi gani. Kwa hiyo wekeni kopo moja la kila shehena, limefungwa vizuri, lenye tarehe na namba iliyo kwenye mfuko, pamoja na risiti. Siku ya kudai, mwenye kopo na risiti anasikilizwa. Mwenye hadithi peke yake anarudishwa nyumbani.

Ikichelewa

Tumalizie na jambo fupi. DAP ni ya kuweka shimoni wakati wa kupanda, urea ni ya wiki ya nne hadi ya sita baada ya mahindi kuota, udongo ukiwa na unyevu, na ifunikwe. Jeto zikifika mwezi wa kumi na mbili, msiweke mbolea kwenye mahindi yaliyokwisha kutoa mbelewele eti kwa sababu imefika. Ikaushieni mahali, juu ya mbao, mbali na ukuta, mifuko ikiwa imefungwa, mwingoje msimu B. Urea inanyonya maji ya hewa, lakini ikiwa imefungwa vizuri itangoja miezi hiyo. Na andikeni kwenye kaye tarehe iliyofika. Tarehe zile, zikitoka kooperative kumi kwa pamoja, tunaweza kuzipeleka mbele ya wanaopanga msimu unaofuata.

Kwa kikao chenu kijacho tunaomba mlete kamba ya mita 10, kaye mpya, na bei mbili kutoka soko lenu: ya mfuko wa urea, na ya kilo moja ya mahindi wakati wa mavuno. Fanyeni upya ile hesabu ya dola 4 na dola 34 kwa bei zenu. Kisha watu watatu wenye bwasa, ambao hawajawahi kuandikwa kwenye liste yoyote, waanze kupimiwa mashamba yao kabla ya komite. Agronomu wa eneo lenu atakuja kushika upande mmoja wa kamba.